Maji ya Betri: Uhakiki wa Istilahi za Kukagua, Kupima na Kutunza Betri za Magari

Mwezi wa Julai mwaka jana tulikuwa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kwa shughuli ambayo haikuhusu magari hata kidogo. Asubuhi ya pili gari tulilosafiria lilikataa kuwaka. Mji ule uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai ukungu huushukia hata mtu akaona taabu kulitambua jengo lililo ng'ambo ya barabara. Baridi ya namna hiyo huidhoofisha betri, kwa kuwa kemikali zilizomo ndani yake hufanya kazi polepole zaidi, na wakati huo huo oili ya injini huwa nzito, ikahitaji nguvu nyingi zaidi kuizungusha. Dereva wetu alitazama taa ya dashibodi iliyofifia, akasema betri imekufa. Fundi mmoja mtu mzima, aliyeitwa kutoka gereji iliyo kando ya barabara iendayo Kyela, alitazama taa ile ile akasema haijafa, imelala.

Hapo kwanza tulidhani kwamba wawili hao wanasema jambo moja kwa maneno mawili, kama ilivyo desturi ya lugha. Tulikosea. Saa tatu baadaye, betri ilipokwisha kutiwa chaji, gari liliwaka, na fedha za kununulia betri mpya, ambazo dereva alikwisha kuanza kuzihesabu, zikarudi mfukoni. Kwa fundi yule betri iliyolala ni ile iliyoishiwa chaji lakini mabamba yake yangali mazima. Iliyokufa ni ile ambayo mabamba yake yamechakaa au yamegusana, nayo haifai tena. Aliongeza kuwa betri ikiachwa imelala majuma mengi, hufa usingizini. Maelezo yake yanalingana kabisa na yale ya kitaalamu: chumvi ya risasi inayojengeka juu ya mabamba wakati betri inapotumika huwa laini mwanzoni na huweza kurudishwa kwa chaji, lakini ikiachwa muda mrefu hugeuka kuwa fuwele ngumu zisizorudi.

Tunalieleza tukio hili dogo kwa sababu katika gereji hiyo hiyo tulionyeshwa kijitabu cha kurasa chache, kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya madereva, kinachoeleza namna ya kukagua, kupima na kutunza betri za magari. Ofisi iliyokifasiri hatutaitaja, maana makosa yake ndiyo makosa yetu sote tunaoshughulika na tafsiri. Katika kijitabu hicho kila betri isiyowasha gari "imekufa". Mfasiri alikuwa na kamusi mezani, lakini hakuwa na fundi.

Hata hivyo neno hilo ni dogo likilinganishwa na lile tulilolifanya kichwa cha makala haya. Ndani ya betri ya kawaida ya gari mna mchanganyiko wa asidi ya salfa na maji; zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo ni asidi, na iliyobaki ni maji. Betri inapotiwa chaji, sehemu ya maji hugawanyika ikawa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, zikatoka. Asidi haitoki. Kwa hiyo kinachopungua betrini katika matumizi ya kila siku ni maji peke yake, na kinachopaswa kuongezwa ni maji peke yake. Asidi hutiwa mara moja tu, siku betri mpya iliyouzwa bila majimaji inapoanza kutumiwa.

Madukani, vitu hivi viwili huuzwa bega kwa bega. Fundi huvitofautisha: kimoja hukiita asidi, cha pili hukiita maji. Lakini mwenye gari, mwenye duka na mtoto anayetumwa dukani huviita vyote viwili "maji ya betri". Na kijitabu chetu nacho hufanya hivyo hivyo. Katika ukurasa unaoeleza namna ya kuandaa betri mpya kimeandika ijazwe "maji ya betri". Katika ukurasa unaoeleza utunzaji wa kila mwezi kimeandika iongezwe "maji ya betri". Msomaji mtiifu atafanya nini? Atakwenda dukani na kuomba maji ya betri, naye atapewa chupa iliyo karibu na mkono wa muuzaji.

Fundi yule alituonyesha betri ya lori moja la kubebea majani ya chai ambalo mwenyewe, kwa kubana matumizi, alikuwa akiitunza betri yake nyumbani. Kila mwezi alinunua chupa akajaza. Chupa ilikuwa ya asidi. Ubaya wa kosa hili ni kwamba hujificha nyuma ya mafanikio: katika siku za mwanzo betri huonekana kuwa na nguvu kuliko zamani, na mtu hujipongeza. Baadaye asidi iliyozidi hula mabamba na vitenganishi vyake. Haidromita ilipotiwa, majimaji ya vyumba vyote sita yalisoma zaidi ya 1.300, yaani uzito wake ulikuwa zaidi ya mara 1.3 ya uzito wa maji ya ujazo ule ule, ilhali betri iliyojaa chaji hupaswa kusoma kati ya 1.265 na 1.280. Mwenye lori aliamini kwamba ameuziwa betri mbovu. Kwa hakika aliuziwa neno bovu.

Hasara ya betri hulipika. Isiyolipika ni hasara ya jicho au ya koo. Neno "maji" ni neno la amani katika lugha yetu. Hakuna mtu anayeyaogopa maji yaliyo katika chupa. Tumeona kwa macho yetu, si Tukuyu tu, asidi iliyohifadhiwa katika chupa ya maji ya kunywa, na juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino "maji ya betri". Mtoto anayejua kusoma atalisoma neno la kwanza kabla ya kulifikia la mwisho.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba "maji ya betri" liondolewe katika maandishi yote ya ufundi na katika vibandiko vya chupa. Badala ya kutafuta neno moja zuri zaidi, tunahitaji maneno mawili. Kwa kile cha kwanza, lugha ya shule imekwisha kuzoea "asidi", na mafundi nao hulitumia, liendelee. Lakini kwa kibandiko cha chupa tunapendekeza "tindikali ya betri". Tunajua kwamba wenzetu watatukumbusha kanuni ya dhana moja kwa neno moja, nasi tunaiheshimu kanuni hiyo, ila kibandiko hakitumiki kufundishia kemia. Neno "tindikali" limepata ukali wake katika masikio ya wananchi, hasa tangu habari za watu kumwagiwa tindikali huko Zanzibar zilipoenea mwaka 2013, na leo hakuna mtu mzima ambaye akilisikia hasogezi mkono nyuma. Asidi huweza kupita masikioni mwa bibi aliyeko Kiwira kama jina la dawa. Tindikali haipiti hivyo.

Kile cha pili ndicho kilichotupa taabu. Kijitabu, mahali pamoja ambapo kilijaribu kutofautisha, kiliandika kwamba betri iongezwe "maji safi". Hapa mfasiri aliangukia katika shimo ambalo hakuliona, kwa kuwa neno "maji safi" lina maana maalumu katika nchi yetu: ni maji yasiyo na vijidudu na uchafu, yanayofaa kunywewa na binadamu. Mkazi wa Rungwe atalipokea agizo hilo kwa furaha. Maji ya kule hutoka katika chemchemi za milimani, ni baridi na maangavu, na wenyeji huyasifu kwa haki. Mvua nayo hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Lakini maji ya chemchemi yaliyopita katika miamba ya volkano huwa yamebeba madini yaliyoyeyuka ndani yake, na maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la bati huja na chembe za kutu na zinki. Mwanadamu hayaoni madini hayo wala hayamdhuru. Betri huyaona. Chembe za chuma, hata zikiwa kidogo mno, huifanya betri ijipoteze chaji yenyewe ikiwa imesimama.

"Mwanangu," fundi alituambia, "maji yetu yanafaa kwa tumbo na kwa migomba. Betri haina tumbo."

Kisawe kilichokwisha kusanifiwa kipo: maji yaliyokenekwa. Kukeneka ni kuyachemsha maji yakawa mvuke, kisha kuupoza mvuke ukawa maji tena, madini yakabaki chunguni. Ni neno la Kiswahili safi, limo katika kamusi, na sisi tunalipenda. Tulimwuliza fundi maana yake, hakuijua. Tuliwauliza vijana wake watatu na mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuja kuchukua pikipiki yake. Mwalimu peke yake ndiye aliyejua. Tukaanza kueleza habari ya mvuke na mrija wa kupozea, na kabla hatujamaliza kijana mmoja akasema, "Kumbe kama gongo." Wote wakaelewa papo hapo. (Gongo ni kinywaji ambacho kila mtu anajua kinavyopikwa na hakuna aliyewahi kukionja.) Kijana yule alifanya kwa maneno matatu kazi ambayo fasili ya kamusi haikuifanya, naye hakulihitaji neno letu ili aijue dhana.

Je, tuliache neno "keneka"? Hatusemi hivyo. Libaki vitabuni, na walimu walifundishe, tena kwa mfano ule ule wa gongo wakitaka. Lakini katika kibandiko tunapendekeza "maji ya kuongezea betri", na chini yake, kwa herufi ndogo, "yamekenekwa". Jina hili linaeleza kazi badala ya asili, na kwa dereva kazi ndiyo muhimu: haya ni ya kuongezea, yale si ya kuongezea. Maadamu neno "kuongezea" limo katika jina lenyewe, mtu aliyeshika chupa ya tindikali hataweza kujidanganya kwamba ameshika hiyo nyingine.

Tugeukie sasa vitenzi, maana kijitabu kinatumia kitenzi kimoja, "kupima", mahali panapohitaji vitenzi vitatu. Kinasema betri ipimwe kila juma, kikiwa na maana kwamba dereva afungue boneti atazame kama sanduku limepasuka, kama vibano vimelegea, kama majimaji yamefunika mabamba kwa kiasi cha milimita 10. Huko ni kukagua: kazi ya macho na vidole. Kinasema betri ipimwe kwa voltimita. Huko ndiko kupima hasa: betri iliyopumzika saa kadhaa ikisoma volti 12.6 au zaidi imejaa, ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu hivi. Chini ya 12.0 karibu imekwisha. Kisha kinasema betri ipimwe wakati injini inazungushwa na starta. Huko siko kupima tu bali ni kujaribu, kwa sababu kinachotafutwa ni kama betri itahimili kazi. Volti zikishuka chini ya 9.6 hivi, betri iliyokwisha kutiwa chaji imeshindwa jaribio.

Tofauti hii si ya kupendezesha sentensi. Betri iliyotumika huuzwa na kununuliwa kila siku, na maneno ya muuzaji ni "imepimwa". Muuzaji hasemi uongo. Amegusisha voltimita, nayo imesoma 12.6. Mnunuzi huifunga garini, asubuhi ya baridi huja, starta huugua mara mbili kisha hunyamaza. Betri ilipimwa, haikujaribiwa. Lugha ikiwa na maneno mawili, mnunuzi anaweza kuuliza swali la pili. Ikiwa nalo moja, swali la pili halipo.

Kwa jaribio hilo la tatu tulikuta mahali pengine limeitwa "jaribio la mzigo". Ni tafsiri ya neno kwa neno, na katika wilaya ya malori ya ndizi na chai haitafika mbali. Tulipoisoma kwa sauti, kijana mmoja aliuliza kama gari lipakiwe kwanza. Afadhali "kujaribu betri ikiwa kazini", ambalo ni refu lakini halimtumi mtu sokoni kutafuta mikungu.

Jambo lingine katika ukurasa huo halihusu istilahi moja kwa moja, lakini mfasiri wa maandishi ya ufundi hana budi kuliangalia. Kijitabu kinatoa vipimo vya haidromita bila kutaja joto. Vipimo hivyo hupangwa kwa joto la nyuzi 27 za Selsiasi au karibu na hapo. Majimaji yakipoa huwa mazito, na haidromita husoma zaidi ya ukweli. Kwa kila nyuzi 10 chini ya kiwango hicho hutakiwa kupunguzwa kiasi cha 0.007. Asubuhi ya nyuzi 10 pale Tukuyu, betri inayosoma 1.240 kwa kweli ina 1.228 tu. Mwenye kijitabu aliye Kyela, chini kabisa karibu na Ziwa Nyasa, hatadanganyika. Jirani yake aliye juu, mwendo mfupi tu kwa basi, atadanganyika. Tafsiri iliyo sahihi kwa kila neno inaweza kuwa na kosa kwa wilaya nzima.

Makosa mengine tutayapita upesi. Mabamba yameitwa "sahani", jambo lililowachekesha sana vijana wa gereji. "Bamba" lipo na linatosha. "Hasi" na "chanya", yaliyotoka darasani, yamekwisha kuingia gerejini bila msaada wetu, na kijitabu kimeyatumia vizuri katika agizo kwamba waya wa hasi hutangulia kutolewa na huwa wa mwisho kurudishwa. "Risasi" kwa maana ya madini huwashtua wanaoijua ya bunduki tu, lakini ni neno la zamani lenye haki yake. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota juu ya ncha za betri kijitabu kimeuita "kutu", na mwenzetu mmoja wa kemia amelalamika kwamba kutu ni ya chuma peke yake, ilhali unga ule ni chumvi ya risasi au ya shaba. Ni kweli. Hata hivyo tunashauri neno liachwe, kwa sababu aliyeambiwa asugue kutu atausugua unga ule ule, kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji, akiwa amevifunga vifuniko vya vyumba, na hakuna atakayeumia. Si kila neno lisilo sahihi linahitaji kufukuzwa.

Hapa ndipo tunapotofautiana kidogo na desturi ya kazi yetu. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na hasa tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa mwaka 1974, aghalabu tumekuwa tukipokea orodha ya maneno ya kigeni na kuyatafutia visawe. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na imezaa matunda. Bila hiyo isingepatikana Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Lakini orodha hujibu swali moja tu, yaani neno hili tuliiteje kwetu. Haiulizi ni vitu gani ambavyo mtu mwenye spana mkononi analazimika kuvitenga. Lile "imelala" la fundi wa Tukuyu halikuwa na safu yake katika orodha yoyote, kwa hiyo halikutafutiwa mahali, ingawa lilikuwa na thamani ya betri nzima.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipatia ufumbuzi. Siku hizi betri nyingi zinazoletwa hazina vifuniko vya kufungua wala haziongezwi maji. Watu wameziita "betri kavu", na zile za zamani "betri za maji". Ndani ya betri hiyo inayoitwa kavu mna asidi ile ile; katika nyingi ni majimaji kabisa, katika nyingine imenyweshwa ndani ya vitambaa vya nyuzi za kioo. Mtu akiamini ni kavu ataipasua ili auze risasi, au ataibeba ubavu huku imepata ufa. Zaidi ya hayo, shuleni "seli kavu" ni ile ya tochi na redio, ambayo ni kitu kingine. Tulipendekeza "betri iliyofungwa". Fundi alitikisa kichwa: kwa gereji nzima, betri iliyofungwa ni ile iliyokwisha kuwekwa garini na kukazwa vibano. Tukajaribu "betri isiyofunguliwa", akauliza kama ni ile ambayo ingali katika boksi lake. Kwa sasa tumeandika "betri isiyoongezwa maji". Tunakiri kwamba ni fasili zaidi kuliko jina. Na chombo cha kupimia majimaji tumekiacha kiitwe haidromita, kwa kuwa "kipima maji", lililopendekezwa na baadhi ya wenzetu, lingechanganywa na pimamaji ya waashi, tena lingerudisha lile neno "maji" mlangoni baada ya kulitoa dirishani.

Wasomaji walio karibu na gereji, ziwe za Mbeya, Kyela au kwingineko, wanaombwa kutuletea jina wanalolisikia kwa betri hiyo isiyoongezwa maji, pamoja na maelezo ya nani analitumia na akiwa anafanya nini.